Kaza, lakini si kila kitu: kwa mnaoanza kazi kwenye tabaini za mvuke

Wadogo zangu mnaokuja atachimenti kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria, mliotoka Njoro, Nakuru mjini na hata Kisumu, kuna imani moja nawaomba muiache getini: kwamba kilichokazwa zaidi ndicho salama zaidi. Kwenye mapanga ya tabaini, yaani vile bapa vinavyosukumwa na mvuke, imani hiyo inaweza kuvunja chuma.

Anzeni na hesabu. Gridi yetu ni Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo rota (mhimili unaobeba mapanga) inayozungusha jenereta yenye ncha mbili za sumaku huenda mizunguko 3000 kwa dakika. Mvuke hautoki sawasawa pande zote, na panga linapozunguka hupokea mapigo ya Hz 50, 100, 150 na kuendelea, mbali na mapigo ya nozeli zenyewe yaliyo juu zaidi. Panga ambalo masafa yake ya asili, yaani kasi linayotikisika lenyewe likigongwa, ni Hz 150 limekaa pabaya, maana kila pigo hulikuta katika hatua ile ile ya mtikisiko na kuuongeza. Chuma chenyewe hula nishati kidogo mno ya mtikisiko. Tena pigeni hesabu hii wenyewe: kwa Hz 150, mitikisiko milioni 10 hutimia kwa saa 18 na nusu. Uchovu wa chuma, yaani kupata ufa kwa kutikisika mara nyingi, hausubiri muhula wenu wa atachimenti uishe.

Mchoro wa Campbell, unaolinganisha masafa ya mapanga na mapigo ya kila kasi ya rota, uliotokana na kazi ya Wilfred Campbell wa General Electric miaka ya 1920, huwasaidia wabunifu kuyakwepa masafa hayo. Usomeni mpaka muuchore bila kuangalia. Lakini hauwezi kukwepa yote, kwa sababu kila tunapowasha mtambo rota hupita kasi zote kutoka sifuri. Ndipo msuguano unapoitwa kazini kuuzima mtikisiko: vilemba vya mapanga vinavyogusana nchani, waya unaopitishwa kwenye matundu ya mapanga, au kabari ndogo inayokaa chini ya vitako vya mapanga mawili jirani. Mapanga yakitikisika, nyuso hizo huteleza kidogo sana, na mtelezo huo hugeuza nishati kuwa joto.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua mguso mmoja wenye mgandamizo N, kiasi cha msuguano μ na ugumu k, panga likitikisika kwa upana X kila upande. Mguso ukiwa unateleza, nishati inayoliwa kila mzunguko ni 4μN(X − μN/k). N ikiwa ndogo, nyuso huteleza sana lakini bila upinzani wa maana. N ikiwa kubwa mpaka μN ifikie kX, mguso unashikana, mtelezo unakwisha na nishati inayoliwa inakuwa sifuri. Ni kama breki ya bodaboda: ikilifunga gurudumu kabisa, pedi haisugui tena. Kilele kiko katikati, pale μN ikiwa nusu ya kX. Angalieni pia kwamba X imo ndani ya jibu. Mgandamizo unaofaa mtikisiko mdogo haufai mtikisiko mkubwa. Na mguso ulioshikana hufanya zaidi ya kuacha kuzima mtikisiko, kwani hulifanya panga kuwa gumu zaidi na kuyasogeza masafa yake, pengine hadi mahali ambapo mbunifu alipakwepa.

Mgandamizo wenyewe huletwa na mzunguko. Kabari ya gramu 20 iliyo mita 0.6 kutoka katikati, kwa mizunguko 3000, husukumwa nje kwa nguvu ya karibu niutoni 1,180, sawa na uzito wa kilo 120. Kwa mizunguko 1500 ni robo tu ya hiyo. Kwa hiyo ukiligonga panga kwa nyundo rota ikiwa imesimama, masafa unayosoma ni ya panga lisilo na mgandamizo huo. Kipimo hicho kina manufaa yake, ila msikibebe kama jibu la mtambo unaofanya kazi.

Vihisi vya beringi navyo vinasoma rota. Panga moja linaweza kutikisika hadi kupata ufa huku mstari wa beringi umetulia, na nasikitika kila nikisikia kijana akiambiwa kwamba beringi zikiwa sawa basi yote ni sawa. Mapanga hufuatwa kwa vihisi vilivyofungwa kwenye ganda la tabaini, vinavyopima kila ncha imefika mapema au imechelewa kiasi gani.

Kwetu kuna jambo la ziada. Mvuke wa ardhini hubeba silika na gesi ya haidrojeni salfaidi. Silika ikiganda kwenye nafasi ndogo ya mguso, huufunga bila mtu kushika spana, na kutu hupunguza uwezo wa chuma kustahimili mitikisiko. Basi mtambo ukifunguliwa kwa matengenezo, ombeni nafasi ya kutazama kabla mapanga hayajasafishwa kwa kupulizwa mchanga. Pigeni picha kila mguso pamoja na namba ya panga lake. Alama inayong'aa inaonyesha nyuso zilikuwa zikiteleza, ukoko mkavu usio na mkwaruzo unatia shaka kwamba zimeshikana, na unga mwekundu unaonyesha zinakulana. Kagueni kingo za matundu ya waya kwa dawa ya kuonyesha nyufa. Na mkikuta waya au kabari inacheza, msiichomelee wala kuipaka grisi: andikeni, pimeni nafasi, kisha mlinganishe na mchoro wa mtengenezaji.