Sifuri ya zahanati yangu inamfikia nani?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati ya kijiji wilayani Tandahimba, si mbali na Mto Ruvuma. Kila Jumatatu natuma kwa simu ripoti ya magonjwa ya wiki iliyopita: kipindupindu sifuri, surua sifuri, kupooza kwa ghafla sifuri. Huu ni mwezi wa nne wa sifuri tupu. Wenzangu wananiambia wiki isiyo na mgonjwa niiache tu. Halafu ng'ambo ni Msumbiji, wao wanaandika Kireno, na watu wanavuka kila siku. Sifuri yangu inamfikia nani, na inabadilisha nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiache hata wiki moja. Na nakueleza sababu, maana swali hili mara nyingi linajibiwa kwa amri, "tuma, ndivyo ilivyoagizwa", na amri haimsaidii mtu anayehudumia kijiji kizima peke yake.

Nikiwa mkoani na jedwali la wiki mbele yangu, zahanati iliyotuma sifuri na zahanati iliyonyamaza ni vitu viwili tofauti kabisa. Ya kwanza imeniambia kwamba muuguzi alikuwepo, akafungua rejista, akatafuta, hakukuta. Ya pili haijaniambia kitu. Labda hakuna mgonjwa, labda muuguzi yuko likizo, labda simu haina chaji. Labda pia kipindupindu kimeshaingia na mwenye kutuma ripoti anatundika dripu.

Hilo la mwisho nimelishuhudia. Msimu mmoja wa mvua nyingi nilikwenda kwenye kituo kilichonyamaza wiki mbili. Rejista ilikuwa imejaa mpaka pembezoni: kuharisha, kuharisha, kuharisha, nusu ya ukurasa wino wa bluu, nusu mweusi, kwa sababu kalamu ya kwanza iliishia katikati ya usiku. Muuguzi hakuwa mzembe, alikuwa amezidiwa. Sisi tuliokaa mezani ndio tuliousoma ukimya wake kama sifuri, na kosa lilikuwa letu.

Sifuri yenyewe nayo tunaipima. Chukua polio. Hata pale ambapo polio haipo kabisa, watoto wachache hupooza ghafla kwa sababu nyingine. Kigezo cha chini kinachotumika duniani ni kumpata angalau mtoto mmoja wa aina hiyo kwa mwaka katika kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 15. Eneo lenye watoto wengi likileta sifuri mwaka mzima, hatushangilii, tunauliza kama kuna anayetafuta. Kwa hiyo mama akikuletea mtoto ambaye mguu umelegea ghafla, usimrudishe nyumbani kwa sababu kuna anayesema alianguka kwenye mkorosho. Toa taarifa, kisha zichukuliwe sampuli mbili za choo zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee, na zisafiri kwenye kasha lenye barafu. Barafu ikiyeyuka njiani, jibu la maabara haliaminiki tena.

Mwezi Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa wa polio ya asili, yaani isiyotokana na chanjo, mjini Lilongwe, na kirusi chake kilikuwa na undugu na cha Pakistan. Mwezi Mei, Msumbiji nayo ikathibitisha mgonjwa wake mkoani Tete. Tanzania haikusubiri mtoto wake apooze. Ilianza kuchanja kwenye mikoa inayopakana na Malawi, halafu ikaendelea nchi nzima. Uamuzi wa namna hiyo unaegemea ripoti za jirani pamoja na zako: zake zinaonyesha hatari iko wapi, zako zinaonyesha kama huku imeshafika.

Kuhusu Kireno usiwe na hofu. Sisi na Msumbiji wote tuko Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, ambayo tangu 1998 inafuata mkakati mmoja wa ufuatiliaji wa magonjwa. Vigezo vya kumwita mtu "mshukiwa wa kipindupindu" vinatoka kwenye mwongozo uleule. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kutumika 2007, zinaitaka kila nchi ilitathmini tukio la hatari ndani ya saa 48, na ikiona linagusa mataifa mengine, iarifu ndani ya saa 24.

Ninapoona udhaifu ni kwenye njia yenyewe. Habari rasmi hupanda kutoka kwako hadi wilayani, Mtwara, Dodoma, halafu ndiyo iende Maputo na kushuka Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulio ng'ambo ya Ruvuma. Mgonjwa amevuka kwa mtumbwi asubuhi. Ndiyo maana napigania sana waratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya za pande zote mbili wawe na namba za simu za wenzao na wakutane kabla ya mlipuko. Kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, haikuchukua hata wiki mbili kipindupindu kikathibitishwa huko.

Na hapo kuna jambo ambalo wewe tu unaliweza. Mtu wa mtoni ana mke huku na shamba la mpunga kule. Ukimuuliza anakaa wapi atakutajia kwa shangazi yake hapo kijijini, basi anahesabiwa pande zote mbili au asihesabiwe kokote. Muulize alilala wapi usiku tano zilizopita na alikunywa maji ya wapi, kwa kuwa dalili za kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku tano baada ya kuambukizwa. Jibu lake ndilo litakalotuonyesha klorini ipelekwe kisima gani.

Usidhani pia kwamba vijiji vyetu ni vidogo mno kwa mambo haya. Chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, ilitambuliwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 na 1953, hapohapo kwenye uwanda wa Makonde, na jina lake la Kimakonde, la mtu aliyejikunja kwa maumivu, leo linatumika dunia nzima. Mwaka 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu walifika kituoni na homa na kutokwa damu puani, na wengi wakahofia Ebola. Vipimo vikaonyesha ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa wanyama. Wagonjwa walikuwa 20, watatu wakafariki. Ushauri kwa wananchi ukawa kujihadhari na maji yaliyochafuliwa na mkojo wa wanyama.

Ukimpata mshukiwa wa kipindupindu, wa kupooza ghafla, au wa homa yenye kutoka damu, usingoje Jumatatu wala majibu ya maabara. Mpigie mratibu wa wilaya siku hiyohiyo. Mtandao ukikataa, andika karatasi umpe bodaboda anayeelekea mjini. Jumatatu ikifika, mjaze huyo mmoja kwenye ripoti, na kwenye magonjwa mengine yote uliyoyatafuta ukayakosa, weka sifuri.