Kabla ya kupima virusi vya kuhara kwa mtoto, itazame kwanza sampuli

Kwa miaka 14 nimefanya kazi ya maabara hapa Mwanza, na sehemu kubwa ya muda huo nimeitumia kupima choo cha watoto wadogo wanaohara na kutapika. Vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo huulizia mashine kwanza, nami huwarudisha kwenye kikopo cha sampuli, kwa kuwa majibu mengi yenye makosa niliyoyaona yaliharibika kabla pakiti ya kipimo haijafunguliwa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa pili kazini, alikuja bibi mmoja aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe na mjukuu wake wa miezi 9. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akanikabidhi pampasi iliyokunjwa ndani ya mfuko. Mtoto alikuwa anahara maji matupu, na maji yote yalikuwa yamekwisha kunyonywa. Juu yake ulibaki utelezi kidogo uliochanganyika na zile chembe zinazong'aa za ndani ya pampasi. Nikaukwangua vivyo hivyo, nikapima kwa kipimo cha haraka cha virusi vya rota, aina mojawapo ya virusi vinavyoharisha watoto, ukatokea mstari mmoja, nikaandika hasi. Mtoto akalazwa kwa uangalizi, na kwa kutegemea jibu langu akaanzishiwa antibayotiki, dawa ambazo haziui virusi. Kesho yake tulipata choo kilichokusanywa vizuri, na mistari yote miwili ikajitokeza wazi kabla muda wa kusoma haujatimia. Nilikwenda wodini kumweleza daktari na kumwomba bibi yule radhi.

Tangu siku hiyo, mama akija na mtoto anayehara maji, namwomba atandike nailoni safi ndani ya pampasi ili choo kikae juu yake, kisha akimimine kwenye kikopo kikavu chenye mdomo mpana. Kikopo kisiwe kimesuuzwa kwa dawa ya kuua vijidudu, na choo kisichanganyike na mkojo. Ujazo wa kijiko cha chai unatosha. Sampuli ichukuliwe mapema, kwa sababu katika siku za mwanzo za ugonjwa gramu moja ya choo inaweza kubeba virusi vya rota zaidi ya bilioni 10, na idadi hiyo hupungua kadiri mtoto anavyopata nafuu. Kwa mtoto aliyelazwa, tunataka sampuli ndani ya saa 48 tangu alipopokelewa, la sivyo hatutajua kama virusi alikuja navyo au alivipatia wodini.

Sampuli za visiwani husafiri kwa boti, na umeme nao hukatika. Zisafirishwe kwenye kasha lenye barafu, zikifika zikae kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Zikihitaji kugandishwa kwa vipimo vya baadaye, zigawe kwanza katika vichupa viwili au vitatu, kwa maana kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huvunja vinasaba vya virusi, na hasara hiyo huioni kwa macho.

Virusi vya rota vilionekana mwaka 1973 huko Melbourne, Ruth Bishop na wenzake walipovitazama kwa hadubini ya elektroni katika vipande vya utumbo wa watoto wagonjwa. Umbo lake ni kama gurudumu, na rota ni gurudumu kwa Kilatini. Siku hizi kazi kubwa hufanywa na ELISA, kipimo cha maabara kinachonasa protini ya ndani ya kirusi kwa kutumia kingamwili. Ukiweka kimiminika cha kusimamisha, vishimo vya ubao wa kipimo vyenye virusi hubadilika kutoka buluu kuwa njano. Usiusome ubao ambao kidhibiti chake chanya au hasi, yaani sampuli ambayo jibu lake linajulikana tayari, hakikufanya kazi, hata kama wodi inapiga simu.

PCR, kipimo kinachonakili vinasaba vya kirusi mara nyingi hadi vionekane, huona zaidi, na kwa norovirusi, virusi vingine vya kuhara na kutapika, naiamini kuliko vipimo vya haraka, ambavyo hukosa wagonjwa wengi. Lakini choo kina chumvi za nyongo na vitu vingine vinavyozuia mmenyuko, hivyo kila sampuli iwe na kidhibiti chake cha ndani cha kuonyesha kama mmenyuko umefanya kazi. Kikishindwa, punguza makali ya vinasaba ulivyovitoa, sehemu 1 kwa 10, kisha rudia. RNA ya rota, yaani vinasaba vyake, ina nyuzi mbili zilizoshikamana, kwa hiyo ni lazima ipashwe moto wa nyuzijoto zipatazo 95 ili nyuzi hizo mbili zitengane kabla ya kunakiliwa.

Jibu likishatoka, ombeni kadi ya kliniki. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya rota kwa watoto wote mwaka 2013, kwa matone ya wiki ya 6 na ya 10, na chanjo hiyo ni kirusi hai kilichodhoofishwa ambacho hutoka chooni kwa siku kadhaa. ELISA haitofautishi kirusi cha chanjo na kile cha mtaani, kwa hiyo mtoto wa wiki 7 mwenye jibu chanya anaweza kuwa anaugua kitu kingine kabisa. Vilevile PCR hukuta norovirusi kwa watoto wazima wanaocheza, na rota ikiwa hasi bado kuna adenovirusi za aina ya 40 na 41, astrovirusi na sapovirusi. Nasi tunaoishi kando ya ziwa, choo kinachofanana na maji ya mchele tukipeleke kuoteshwa kwa ajili ya kipindupindu bila kusubiri majibu ya virusi.

Nanyi wazazi, msisubiri maabara ndipo mwanze zinki na ORS, ile dawa ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini. Bibi yule wa Ukerewe alikuwa amemnywesha mjukuu ORS kijiko kwa kijiko njia nzima ndani ya meli, na ndiyo maana mtoto alipomlilia mbele ya meza yangu, machozi yalimtoka, ishara kwamba hakuwa amekaukiwa maji mwilini.