Uliza Yaya: Kwa nini mustari wa TDR hautembei na damu?

SWALI: Yaya, jambo. Mutoto wangu alipata homa tukaenda kwa santé, wakamutoboa kidole, damu kwa TDR (kipimo cha haraka) ya malaria, nikakaa ninaangalia vile inatambaa mpaka mwisho, lakini ule mustari mwekundu ukabakia pale pale. Munganga anasema kale kakaratasi ka ndani kametoka kwa pamba. Sasa mutoto wa dada yangu yeye walimutoboa kisigino, damu ikakaushwa kwa karatasi ikatumwa labo, nayo banasema ni ya pamba, na kule labo damu inatolewa tena. Pamba moja inashika, ingine inaachilia, ni namna gani? (Mama wa Birere, Goma)

JIBU: Mama, kunyonya na kunatisha si kitu kimoja, shida yote iko hapo. Karatasi ya kisigino inanyonya: damu inaingia katikati ya nyuzi sawa kitambaa kinakunywa maji, inakauka humo, kule labo wanakata kaduara kadogo wanakalowesha vitu vinatoka. Ile ni selulozi karibu vile iko kwa pamba, glukozi nyingi zimeungana kamba ndefu, kila moja na vimikono vitatu vya oksijeni na haidrojeni vinavyopenda maji sana, kwa hiyo proteini haishiki kwa nguvu.

Ya TDR nayo wameipitisha kwa asidi ya nitriki, naitreti zikachukua nafasi ya vimikono vingi, ikawa nitroselulozi. (Ndiyo, ni ndugu wa ile ya baruti isiyo na moshi, lakini tulia, haitakulipukia kwa santé.) Hapo proteini ikigusa inanata juu ya uso, na ikishakauka hata maji yapite haitoki kirahisi. Basi kiwandani wanachora mustari wa antibodi (nazo ni proteini) za kukamata proteini ya malaria, mara nyingi HRP2, na mustari mwingine wa kuonyesha kama test inafanya kazi. Halafu, na hapa ndipo akili yao inanifurahisha, mara nyingi pale pengine wanapajaza na proteini isiyo na kazi, juu bila hiyo kila kitu cha damu kingenata popote na usingeona mustari wowote, ungeona uchafu tu. Na ule wekundu si damu! Kwa test nyingi ni vichembe vidogo sana vya dhahabu vilivyobebeshwa antibodi. Dhahabu kabisa mama, lakini usianze kukusanya TDR zilizotupwa, haitakutajirisha.

Kuna na pamba ya tatu, inashika na kuachilia vile unaiamuru. Tangu 1956 wanabandika kwa selulozi vikundi vyenye chaji chanya, wanaiita selulozi ya DEAE, inavuta vitu vya chaji hasi kama DNA ao albumini, proteini moja ya damu, vingine vinapita zao. Ukishapata ulichotaka unamwaga maji ya chumvi nyingi, chumvi inachukua ile nafasi, proteini inatoka safi.