Maswali na majibu: Jirani anaazima, harudishi

Barua za wiki hii karibu zote ni za vyombo vilivyokwenda kwa jirani visirudi. Nimechagua chache. Waliouliza yale yale wajisomee humu humu.

*Asalaam aleikum Bibi. Jirani yangu kila siku anamtuma mtoto: niazime sukari, niazime mafuta, niazime kitunguu. Hajarudisha hata siku moja. Nimwambieje? (Mama wa Jang'ombe)*

Waaleikum salaam mwanangu. Sukari haiazimwi. Huazimwa kile kinachorudi chenyewe: kinu, ngazi, sufuria. Sukari ikishaingia chaini imekwenda, kwa hivyo ama kaomba ama kakopa, na nyinyi wawili hamjakubaliana ni lipi. Yeye anajua kapewa, wewe unajua unadai. Ugomvi wenu wote umekaa hapo.

Mtoto mpe, usimbebeshe maneno ya wakubwa. Jioni nenda mwenyewe, mkae, umwambie: "Jirani, kinachokuja kwa mtoto nakihesabu nimekupa au nimekukopesha?" Lakini kabla hujafungua mdomo, tazama anaomba lini na anaomba nini. Anayetaka ndimu na bizari hana mpango wa jiko lake. Anayetaka unga na chumvi, na hasa mwisho wa mwezi, huenda mna njaa ndani ya nyumba ile na anaona haya kuitaja. Huyo mpe, na usimuulize swali hilo hata kidogo.

*Nimenunua kanga yenye maneno ya kumpasha jirani aliyekaa na mbuzi yangu ya nazi. Nimeivaa mara tatu mbele ya mlango wake, haelewi. (Kwamtipura)*

Kaelewa tangu siku ya kwanza. Mbuzi bado iko kwake na sasa hata salamu hamna. Vua kanga, piga hodi, idai mbuzi yako kwa jina lake. Na nyinyi mnaoandika mafumbo kwenye simu ili jirani asome, jibu lenu ni hili hili. Mtu anaishi hatua kumi kutoka kwako, mnazungumza kwa mafumbo kwa nini?

*Msimu uliopita jirani aliazima majamvi yangu mawili kwa siku tatu. Yalikaa wiki tatu, moja likarudi limechanika. Karafuu zangu nilizianika kidogo kidogo kwa kukosa pahala, nyengine zikaharibika. Sasa ameanza kunidokeza tena. (Mkulima, Wete)*

Ndugu yangu, barua yako imeniuma. Asiyelima karafuu ataona ni jamvi tu. Karafuu iliyochambuliwa ikilala kwenye rundo hupata joto, ikavunda, ikapauka na kunyauka. Inataka jua siku kadhaa mfululizo, itandazwe, igeuzwe, ianuliwe mvua ikitanda. Ukifika kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inatazamwa daraja lake, na hapo hakuna wa kumweleza kwamba majamvi yako yalikuwa kwa fulani. Wachumaji wako umeshawalipa pishi zao. Hasara ni yako peke yako.

Sasa hukumu, maana watu wetu wengi hawaijui. Sisi wengi visiwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na humo mwenye kuazima ni mdhamini wa alichoazima. Kikichakaa kwa matumizi uliyomruhusu, hadaiwi. Kikipotea au kikiharibika kwa jambo jengine, analipa, hata kama hakukusudia. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipoazima deraya, mavazi ya chuma ya vitani, kwa Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, Safwan alimuuliza kama anamnyang'anya. Alijibiwa kwamba ni azimo lenye dhamana. Na Safwan wakati ule hakuwa hata Muislamu. Jirani yako basi, mnayesali safu moja, anakudai heshima gani hata jamvi lipotee hivi hivi?

Mwendee sasa, kabla matawi hayajaanza kubeba. Mwambie: "Majamvi mwaka huu yana kazi yangu. Na lile lililochanika bado nalisubiri." Usimdanganye kwamba umempa shemegi yako, atayaona uani kwako yametandazwa, na hapo wewe ndiye utakayekuwa mwongo.

*Jirani anaomba mkufu wangu wa dhahabu avae harusini kwa ndugu yake. (Mikunguni)*

Usimpe. Mpe buibui, mpe kanga doti nzima, mkate ukampikie. Dhahabu hapana.

*Jirani aliniomba avute waya kwangu wiki moja, ana friji ya kuuzia barafu. Sasa ni mwezi wa tano. Tukuza yangu, umeme wa kulipia kabla, haifiki mwisho wa mwezi. (Magomeni)*

Chomoa leo, kabla hujamaliza kusoma. Mnahesabu uniti, na mimi nauhesabu ule waya. Waya mwembamba uliopita juu ya bati, umefungwa kwa mpira, unabeba friji usiku na mchana: unapata joto, ganda linalainika, mvua inanyesha juu yake. Watoto wanapita chini. Umeme si wa kugawana juu ya ukuta. Akaombe mita yake ZECO, shirika la umeme. Fedha za miezi mitano mdai baadaye kwa utaratibu, na akikataa mwende kwa sheha. Waya kwanza.

*Je, kumnyima jirani chombo ni dhambi? (wengi)*

Hili nimelijibu mara nyingi, na bado mnaliuliza baada ya kunyima. Someni Suratul Maun, aya ya mwisho: wanalaumiwa wanaozuia vitu vidogo vya kusaidiana. Ibn Masud, sahaba wa Mtume, kaeleza kwamba ni kama ndoo na chungu. Basi toeni. Lakini kudai chako kirudi si kunyima, na watu wanayachanganya haya makusudi ili mwenye mali aone haya.

Marehemu mama yangu hakunyima mtu sufuria. Alikuwa na kipande cha mkaa juu ya dirisha la jikoni; chombo kikitoka, anapiga mstari ukutani na kando yake alama ya nyumba kilikokwenda. Kikirudi, anaufuta kwa kidole kilichorowa. Aliyekuja kuazima akiona anaandikwa mbele ya macho yake, na hakuna aliyechukia. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inatwambia tuandike deni la muda maalumu, liwe dogo au kubwa, wala tusichoke. Leo mna simu zenye kalenda na kamera, na hamuandiki hata mtungi wa gesi.

*Bibi, mimi ndiye niliyeazima. Nina kinu cha jirani tangu Ramadhani. Kila nikitaka kukirudisha naona aibu, kimekaa mno. (Chake Chake)*

Ahsante kwa kuandika. Wenzako wote wamejificha. Kioshe leo, kikauke, na kabla ya magharibi kipeleke wewe mwenyewe, si mtoto. Ndani utie kitu, hata kama ni muhogo. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Mwambie: "Nimekukalia na kinu chako, nisamehe." Ukishasema hivyo nyamaza, umwache naye aseme yake. Mchi uende pamoja nacho.