Gia kugoma kwenye pikipiki: usikubali injini ipasuliwe kabla ya jaribio hili

Mkuu, umesema pikipiki yako ya Kichina ya cc 150 haipati nyutro ukisimama mpaka uzime injini, namba moja inaingia kwa kishindo, na fundi anataka kupasua injini, yaani kuigawa katikati afikie gia. Mwambie asubiri.

Weka stendi kubwa, zima injini, zungusha tairi la nyuma kwa mkono huku ukipanga gia moja moja. Tairi lazima lizunguke. Likitulia, gia hugoma hata kwenye injini mpya. Zikiingia zote laini, giaboksi haina kosa. Mchawi ni klachi: umebana leva lakini haiachii yote, na injini inaendelea kuburuza gia. Dalili zako zinaelekea huko.

Anza na waya. Ncha ya leva icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Ikizidi, punguza kwa nati ya waya. Ila usiumalize mchezo wote, klachi itateleza na pleti zake (sahani za ndani zinazobanana) zitaungua. Tazama pia kichwa cha waya: nyuzi zikianza kukatika, badilisha, grisi haisaidii. Oili nayo iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA, na uzito ulioandikwa kwenye kitabu. Iliyo nzito mno hunatisha pleti, hasa asubuhi.

Bado inagoma? Mwaga oili, fungua kava la kulia, toa klachi. Huko siyo kupasua injini. Laza pleti za chuma juu ya kioo. Fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.2 ikipenya chini, pleti imepinda.

Halafu kagua bakuli la klachi, sehemu ambayo mafundi wengi hawaiangalii. Pitisha ukucha kwenye kingo za mifereji, pale masikio ya pleti yanapogonga. Ukucha ukinasa kwenye vijishimo, ujue na pleti zinanasa hapo hapo zinapotakiwa kuachana. Vidogo husawazishwa kwa tupa, vikubwa ni bakuli jipya. Kufunga pleti mpya kwenye bakuli lenye vidonda ni kutupa hela. Na hizo mpya ziloweke kwanza kwenye oili.

Kama gia ziligoma hata injini ikiwa imezimwa, tazama pedali ya gia: meno yake ya ndani yakilika, inazunguka bure juu ya shafti. Pedali isiyorudi katikati ni springi ya shafti ya gia. Kwenye injini za muundo wa CG (ule wa Honda ambao pikipiki nyingi za Kichina zimeuiga), springi hiyo na nyota ya gia, ile inayopanga gia, zipo nyuma ya klachi, kwa hiyo bado hujapasua.

Gia inayoingia vizuri kisha ikachomoka ukivuta mzigo, tena ile ile kila mara, ndiyo ya kupasua: meno ya ubavuni mwa gia yamelika au uma unaoisukuma gia umepinda. (Wanaotuliza mguu juu ya pedali safari nzima huumaliza uma mapema.) Hapo nunua gia zote mbili zinazoshikana, maana ile ya zamani itaila mpya.