Elfu kumi leo au elfu kumi na tano mwezi ujao?

Wataalamu wanapimaje subira ya mtu? Wanamuuliza tu? (Msomaji, Morogoro)

Wanamuuliza, ila si mara moja. Unataka shilingi 10,000 leo au 15,000 baada ya mwezi? Ukichukua za leo, zile za mbele zinaongezwa. Ukikubali kungoja, zinapunguzwa, hadi ifike mahali kwako yote ni mamoja. Hapo ndipo penye kipimo. Dodoso moja maarufu, la Kris Kirby na wenzake wa Marekani (1999), lina maswali 27. Mojawapo: dola 54 leo au 55 baada ya siku 117? Mimi nazichukua za leo, tena mbio.

Na hizo hela wanatoa kweli?

Mara nyingi hapana. Wengine hulipa jibu moja kwa bahati nasibu. Matokeo hayatofautiani sana.

Nikipanga ya mwakani nina subira. Siku ikifika sina. Nina kasoro?

Hata njiwa wako hivyo. Ni kwao mwanasaikolojia James Mazur alipata, mwaka 1987, kanuni inayotumika mpaka leo: thamani ya kitu hushuka kwa kasi siku za mwanzo za kungoja, kisha taratibu. Kwa hiyo mwezi mmoja wa kungoja kuanzia leo ni mrefu, lakini mwezi huohuo ukiwa mwakani hauumi.

Nafundisha chekechea. Niwapime watoto kwa peremende, nijue nani atafanikiwa?

Usiwapime, mwalimu. Jaribio hilo la mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani (mtoto huwekewa kitamu kimoja, akingoja bila kukila hupewa viwili), lilivuma sana, lakini liliporudiwa kwa watoto zaidi ya 900 (2018), uhusiano na mafanikio ya baadaye ulipungua mno hali ya nyumbani ilipohesabiwa. Huko Rochester, Marekani, mwaka 2013, watoto waliokwisha kuahidiwa vifaa vya kuchorea wasiletewe walingoja kama dakika 3, walioletewa, 12. Aliyedanganywa akila chake mapema, hiyo ni akili. Na watoto wa kabila la Wanso, Kameruni, waliowekewa andazi dogo, waliwashinda kwa mbali kungoja wenzao wa Ujerumani.

Mimi ni mama lishe, hela ya leo siiachi. Dodoso litasemaje?

Litasema huna subira, mama, kwa kuwa halijui kwamba kesho alfajiri lazima ununue mchele na mkaa. Ningekupima mimi, ningeuliza kwanza ni wangapi wamekula kwa mkopo wasirudi.