Kwa nini rangi za kokteli yangu zinachanganyika?

SWALI: Mambo kaka, nataka kutengeneza ile kokteli ya vodka na machungwa, nyekundu chini njano juu. Sirapu nimechemsha mwenyewe ya rozela maana ya dukani bei imechangamka, ila kila nikimimina inasambaa glasi nzima inakuwa rangi moja kama tofali. Nakosea wapi?

JIBU: Poa dada. Shida yako ni sukari, imekuwa kidogo. Kinachozamisha ile nyekundu ni uzito wa sukari, rangi haihusiki kabisa, na juisi ya machungwa nayo ina sukari yake, so ukileta rozela tamu ya kunywa kawaida zinalingana uzito zinachanganyika palepale. Chukua rozela kavu kikombe kimoja, maji viwili, chemsha dakika 10 hivi, chuja, halafu kila kikombe cha maji yake weka sukari kikombe kimoja na nusu, koroga kwa moto mdogo mpaka iyeyuke yote. Iache ipoe kisha iingie friji, usiitumie ya moto maana inakuwa nyepesi na barafu inaisha. Kabla ya wageni kufika ijaribu, dondosha kijiko cha chai kwenye glasi ya juisi, ikishuka moja kwa moja mpaka chini iko tayari, ikitawanyika njiani irudishe jikoni iongezwe sukari.

Vodka usiimwagie juu mwishoni kama wengi wanavyofanya, ni nyepesi kuliko juisi itakaa juu na mtu funda la kwanza anakutana na pombe tupu, hapana. Tikisa pamoja na barafu vodka mililita 45, juisi 120 na maji ya nusu ndimu, mimina kwenye glasi ndefu yenye barafu mpya. Hapo vodka imeipunguzia juisi uzito, sirapu itashuka kirahisi. Ndo unaleta sirapu mililita 20, taratibu sana, ikipita mgongo wa kijiko kilichogusa ukuta wa glasi, ukimaliza usikoroge. Katikati kutatokea rangi ya machweo, hiyo ni sawa kabisa, sirapu ikigusana na juisi lazima zichanganyike kidogo.

Juisi kamua siku hiyohiyo na uchuje nyuzinyuzi, zinaficha rangi. Machungwa yetu ya Muheza ni matamu mno ila juisi yake ni njano iliyopauka, mimi huwa naongezea machenza mawili matatu rangi inakolea vizuri bila kuweka rangi ya dukani. Na ndimu usiiache, rozela ikikutana na uchachu nyekundu yake inang'aa zaidi.

Kwa asiyekunywa pombe, toa vodka weka maji baridi kiasi kilekile, juisi peke yake itakuwa nzito. Soda usiweke, mapovu yake yataikoroga sirapu yote.